Vurugu: namna ya kulifuata neno hadi kwenye shina lake, na kulichagua kati ya ndugu zake

Bibi yangu, aliyeishi Muheza mkoani Tanga, alikuwa na sheria moja kisimani: "Msivuruge maji." Kisima kile hakikuwa na pampu. Ukifika alfajiri unayakuta maji yametulia, unayachota juujuu kwa kata ya kifuu na yanaingia ndooni yakiwa safi. Ukichelewa, watoto wameshashusha ndoo zao kwa pupa, tope limepanda juu, na unarudi nyumbani na maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo huna la kufanya ila kusubiri yatulie tena.

Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye dawati la lugha la gazeti moja. Jioni moja ililetwa habari ya wamachinga na mgambo. Mwandishi alikuwa ametumia, ndani ya aya nne, fujo, vurugu, ghasia, rabsha na machafuko, kwa sababu shuleni alifundishwa asirudierudie neno. Nilisahihisha koma mbili nikaipitisha. Kesho yake mmoja wa wale wamachinga alifika ofisini, gazeti limekunjwa mkononi. Akaniuliza bila kupandisha sauti: "Dada, fujo tumefanya sisi? Wao wamekuja kumwaga nyanya zetu, sisi tumekimbia. Fujo ni ipi hapo?"

Sikuwa na jibu. Mwongozo huu ni njia niliyoitafuta baada ya siku ile. Nimeuandika kwa mwandishi, mwalimu, mfasiri, mwanafunzi, na mtu yeyote anayeandika hadharani kuhusu watu waliokosa utulivu. Nitatumia neno vurugu mwanzo hadi mwisho, na ndugu zake wataingia kadiri tunavyoendelea. Njia yenyewe unaweza kuitumia kwa neno lolote.

Hatua ya kwanza: lisikilize neno likiwa bado nyumbani

Kabla ya kufungua kamusi, jiulize neno hili linafanya kazi gani mahali ambapo hakuna polisi, hakuna bunge, hakuna uchaguzi. Chukua daftari uandike sentensi tano au sita ulizowahi kuzisikia kwa masikio yako. Kwa kitenzi vuruga, mimi niliandika hizi:

Msivuruge maji.
Tumbo limenivuruga tangu jana.
Amenivurugia mipango yangu yote.
Usinivuruge akili, nahesabu.
Yule kijana amevurugwa.

Hiyo ya mwisho ni ya mitaani Tanzania, husemwa juu ya mtu ambaye mambo yake hayaeleweki, kana kwamba kuna aliyetia mkono kichwani mwake akakoroga. Sasa zitazame zote pamoja. Kila mahali kuna kitu kilichokuwa kimetulia au kimepangwa, na kuna kinachokitia msukumo mpaka mpangilio ule unapotea. Hiyo ndiyo maana ya msingi, na umeipata bila kitabu.

Halafu tafuta kitenzi kinachokaribiana nacho sana, uone kinatengana nacho wapi. Kwa vuruga, jirani huyo ni koroga. Uji unakorogwa, sukari kwenye chai inakorogwa, saruji inakorogwa. Mkono unafanya mzunguko uleule, lakini anayekoroga anataka vitu vichanganyike vizuri, na matokeo yake ni chakula au zege. Anayevuruga anaacha hasara. Ndiyo maana mtu akikuambia "umeuvuruga uji" anakulaumu, na akisema "umeukoroga uji" anauliza tu kama kazi imekwisha. Tofauti hii ndogo ya jikoni ndiyo inayolifanya neno vurugu liwe na lawama ndani yake hata linapoandikwa na mtu asiyekusudia kulaumu.

Hatua ya pili: livue viambishi ulione shina

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Shina ni vurug-. Ukilitia irabu a unapata kitenzi, vuruga. Ukiigeuza irabu hiyo kuwa u unapata jina, vurugu. Kisha zinakuja vurugwa, vurugika, vurugana, vurugia, mvurugaji, mvurugano. Ziandike zote kwenye mstari mmoja, kwa sababu kila kiambishi kinabadilisha jibu la swali moja: nani ametenda?

Vuruga ina mtendaji. Vurugika haimtaji: mipango imevurugika, basi, na aliyeivuruga amebaki nje ya sentensi. Vurugana inawagawia wote: kila mmoja amemvuruga mwenzake. Jina vurugu limetoka kwenye vuruga, kitenzi chenye mtendaji. Kwa hiyo msikilizaji anaposikia "kulikuwa na vurugu", swali la "nani kafanya?" linamjia lenyewe.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa machafuko. Kivumishi ni chafu. Kitenzi cha kutenda ni chafua, na jina lake tunalijua sote: uchafuzi, kama uchafuzi wa mazingira. Uchafuzi una mchafuzi wake. Lakini machafuko hayakutoka kwenye chafua. Yametoka kwenye chafuka, ile hali ya kitu kujikuta kimechafuka. Bahari imechafuka, wavuvi hawatoki leo. Hali ya hewa imechafuka ukumbini. Nani kaichafua bahari? Hakuna anayeuliza hivyo. Machafuko ni neno linaloeleza hali bila kumtaja aliyeileta.

Mara ukishaiona tofauti hii utaikuta kila mahali katika Kiswahili. Geuza inazaa mageuzi, geuka inazaa mageuko. Lipua inazaa ulipuaji, lipuka inazaa mlipuko. Na mfano mkubwa kuliko yote ni wa Zanzibar: tukio la tarehe 12 Januari 1964 linaitwa Mapinduzi, kutoka pindua. Lingeitwa mapinduko, lingekuwa limetoka kwenye pinduka, kama jahazi lililopinduka lenyewe kwa upepo. Jina lililobaki linasema kuna waliopindua, na wao walitaka isemwe hivyo.

Fujo nalo lina ukoo unaostahili kujulikana. Linatoka kwenye fuja, kuharibu au kutumia ovyo. Anayefuja mali ya urithi, wanaofuja fedha za umma, na wanaofanya fujo mtaani wote wametoka kwenye shina moja. Wa kwanza tunawaita wafujaji, wa mwisho tunawaita wafanya fujo, tukasahau kwamba ni ndugu. Kama fuja, fujo lina mtendaji, na tena mtendaji mwenye tabia mbaya. Ndiyo maana yule mfanyabiashara wa nyanya alichomwa na neno hilo kuliko yale mengine manne.

Hatua ya tatu: uliza limezaliwa wapi

Maneno ya ukosefu wa utulivu katika Kiswahili yana asili kuu mbili: ya Kibantu na ya Kiarabu. Zipo ishara za kukusaidia kutenganisha kabla hujaenda kwa mtaalamu.

Tazama sauti. Gh, dh, th na kh kwa kawaida zinakuelekeza kwenye Kiarabu: ghali, ghafla, ghorofa, na kwa hiyo ghasia. Tazama silabi. Kiswahili cha asili hupenda konsonanti ifuatwe na irabu, vu-ru-gu, fu-jo, ma-cha-fu-ko. Unapokuta konsonanti mbili zimegongana kama katika rabsha, shuku asili ya nje. Tazama mwisho wa kitenzi. Kitenzi cha Kibantu huishia na a: vuruga, fuja, chafua, pindua. Vya Kiarabu mara nyingi huishia na i au u: asi, ghasi, fitini, taharuki. Ishara hizi zina ubaguzi wake, lakini kwa kundi hili la maneno zinafanya kazi vizuri.

Kisha ingia ndani. Rabsha bado liko hai katika Kiarabu cha Ghuba, ambako lina maana ya hekaheka na mparaganyiko, na si ajabu, kwa kuwa pwani yetu na Omani zilisafiriana karne nyingi. Zahama ni zahma ya Kiarabu, yaani msongamano wa watu. Huko mtu aliyekwama kwenye foleni ya magari hulitumia neno hilo kila siku. Sisi tulilichukua tukalisogeza hatua moja mbele, kutoka msongamano hadi tafrani inayotokana nao. Taharuki kwa Kiarabu ni kusogea au kutikisika. Kwetu ni moyo uliotikisika kwa hofu. Uasi unatoka kwenye asi, kukaidi amri, na ndiyo maana muasi lazima awe na mkubwa anayemkaidi.

Neno lenye safari ndefu zaidi ni fitina. Shina lake la Kiarabu lilitumika kwa kuitia dhahabu motoni ili kujua safi na isiyo safi. Kutoka hapo likawa jaribio la imani, kisha mgawanyiko wa umma. Wanahistoria wa Uislamu huita Fitna ya Kwanza ule mgogoro wa miaka ya 656 hadi 661 baada ya kuuawa kwa Khalifa Uthman. Lilipofika pwani yetu likashuka mpaka barazani: fitina sasa ni maneno ya kuchonganisha majirani au wafanyakazi wenza. Neno lililobeba mgogoro wa dola limekuja kubeba umbea wenye sumu. Ukilitafsiri kutoka maandishi ya Kiarabu kama fitina tu, msomaji wa Kiswahili ataelewa jambo dogo kuliko lililokusudiwa.

Tahadhari moja kuhusu kulinganisha lugha jirani. Kinyarwanda kina neno imvururu lenye maana ya machafuko, na linafanana kwa sauti na vurugu. Kichewa kina vundula, kutibua maji mpaka yachafuke. Mfanano wa sauti peke yake usikuruhusu kuandika kwamba ni neno moja. Hilo linahitaji ulinganisho wa sauti kwa kanuni, lugha kwa lugha. Unachoweza kukisema mara moja ni kwamba taswira inashirikiwa: wasemaji wa Kichewa na bibi yangu wa Muheza walikuwa wakitazama kisima kimoja.

Na taswira hiyo ndiyo jambo ninalotaka ulishike katika sehemu hii. Maneno yetu mengi ya Kibantu ya machafuko yana taswira ya maji. Vurugu ni maji yaliyotiwa mkono. Mtibuko, kutoka tibuka, ni tope lililoamshwa kutoka chini. Machafuko ni bahari iliyobadilika. Msukosuko unatoka kwenye suka, kutikisa kitu huku na huku kama mawimbi yanavyokisukasuka chombo. Vuguvugu, tunaloliandika tunaposema vuguvugu la ukombozi, ni maji yaliyoacha ubaridi na hayajafika kwenye mchemko. Hata kinyume chake kimetoka hukohuko: tulia ni kile yanachofanya maji ya kisimani yakiachwa, na shwari ni bahari isiyo na mawimbi. Baharia akikuambia bahari imechafuka, chombo kinasukwasukwa, kisha wimbi limekipindua, amekupa kwa mpangilio machafuko, msukosuko na mapinduzi.

Hatua ya nne: fungua kamusi, na usiishie moja

Kamusi moja inakupa maana. Kamusi mbili za nyakati tofauti zinakupa historia. Ninazozitumia mimi ni hizi: ya Krapf iliyochapwa London mwaka 1882, ambayo ilikusanywa zaidi Mombasa na kwa hiyo inanusa Kimvita, ya Johnson ya mwaka 1939, iliyotoka wakati Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja kilikuwa kimeshaanza kusimamiwa rasmi, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), toleo la kwanza 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya mwaka 2015. Ukisoma Kifaransa, kamusi ya Padri Sacleux ni hazina kwa lahaja.

Unapofungua, fanya mambo matatu. Andika maana ya kwanza inayotajwa, kwa sababu mara nyingi ndiyo iliyozoeleka wakati ule. Angalia kama kamusi ya zamani inaanza na kitenzi na ya sasa inaanza na jina. Hiyo ni dalili kwamba jina limekua likajitegemea. Mwisho, soma pia kurasa za visawe vilivyotajwa. Kamusi nyingi zina tabia ya kueleza fujo kwa "ghasia, vurugu", halafu ukienda kwenye ghasia unakuta "fujo, vurugu". Mzunguko huo haukusaidii kuchagua. Unakwambia tu kwamba maneno haya yanaishi mtaa mmoja, na nyumba ipi ni ya nani ni kazi yako kuulizia.

Hatua ya tano: wapange visawe kwa kuwajaribu

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chukua sentensi moja, acha pengo, ingiza kila neno, kisha sikiliza wapi sikio linakataa.

"Watoto wanafanya ... darasani." Fujo linaingia bila taabu. Vurugu linaingia, ila watoto wameshaanza kusukumana madawati. Ghasia linaingia, na unasikia kelele nyingi. Machafuko yanakataa kabisa. Darasa haliwezi kuyabeba.

"Nchi iliingia katika ... kwa miezi miwili." Machafuko yanakaa vizuri. Msukosuko unakaa, ukimaanisha kutikisika kwa siasa au uchumi hata kama hakuna aliyerusha jiwe. Fujo linaidogosha nchi. Rabsha linashindwa kwa sababu halidumu miezi miwili.

Baada ya majaribio ya namna hii kwa miaka kadhaa, nimefikia mpangilio ufuatao, na niko tayari kuutetea.

Purukushani na patashika ni za miili: watu wachache, muda mfupi, kushikana, kusukumana, kitu kugombaniwa. Mshikemshike ni wa jamii hiyo, na ukilisoma polepole utaisikia sauti yenyewe iliyolizaa: "Mshike! Mshike!" Rabsha ni ugomvi uliopanda mpaka mikono ikainuka, na magazeti ya Kenya hulipenda sana: mashabiki walizua rabsha uwanjani. Zahama inahitaji watu wengi mahali padogo. Mtafaruku ni wa kutoelewana, unatoka kwenye shina lilelile la Kiarabu la kutengana lililotupa mfarakano, na unaweza kuwepo bila mtu kuguswa; kamati ya msikiti au bodi ya ushirika inaweza kuwa kwenye mtafaruku huku wote wamekaa vitini.

Ghasia ni la watu wengi na la amani ya umma. Lina pia maana yake ya nyumbani, kusumbua: usinighasi, nimechoka. Kenya jina hilihili hutumika hata kama tusi la kumwita mtu takataka, kwa hiyo mwandishi wa Tanzania anayeandikia wasomaji wa huko aangalie anapoliweka karibu na jina la mtu. Katika lugha ya dola ghasia ndilo lililochaguliwa. Kikosi cha polisi cha FFU (Field Force Unit) nchini Tanzania kwa Kiswahili ni Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Wananchi nao wakazifungua herufi hizo tatu kwa namna yao: Fanya Fujo Uone. Tazama kilichotokea hapo. Dola imesema ghasia, kitu kinachotulizwa. Mtaa umesema fujo, kitu kinachofanywa na mtu na kuadhibiwa. Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa tofauti ya maneno haya mawili, na uliandikwa na watu wasiokuwa na kamusi mkononi.

Kwa anayeandika habari za mahakamani, kuna jambo la kuongeza. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya, ambazo zote zina mizizi katika sheria za mkoloni za mwaka 1930, zinahesabu mkusanyiko usio halali kuanzia watu 3. Mkusanyiko huo unakuwa ghasia kisheria pale unapoanza kutekeleza lengo lake kwa kuvunja amani na kuutia umma hofu. Kwa hiyo usimwandikie mtu mmoja kwamba ameshtakiwa kwa ghasia peke yake kana kwamba ni kosa la kupiga kelele. Soma hati ya mashtaka.

Vurugu linakaa katikati ya wote hawa. Ni pana kuliko fujo, halina urasmi wa ghasia, halina uzito wa machafuko. Upana huo ndio unaolifanya lipendwe, na ndio unaolifanya litumike vibaya: mwandishi asiyejua hasa nini kimetokea huandika vurugu.

Hatua ya sita: kabla hujachagua, uliza neno linamlaumu nani

Sasa turudi kwenye ile tofauti ya chafua na chafuka, kwa sababu katika historia yetu imegharimu.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, watu waliuawa na wengine wengi mno wakafukuzwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Ilieleza pia kwamba katika baadhi ya maeneo ghasia zilizuka papo hapo, na katika maeneo mengine zilipangwa na kuandaliwa. Soma tena sentensi hiyo ukiwa na viambishi kichwani. Anayeandika "machafuko ya baada ya uchaguzi" kwa eneo ambako mashambulizi yalipangwa amewaondoa wapangaji kwenye sentensi. Hakudanganya, ila ameandika kana kwamba bahari ilichafuka. Kwa maeneo hayo, neno la haki ni mashambulizi au mauaji, likifuatwa na kitenzi chenye mtendaji. Kwa maeneo ya mlipuko wa ghafla, ghasia linatosha. Kwa kipindi chote na nchi nzima, machafuko yanafaa, mradi usiishie hapo.

Kosa la upande wa pili ni kuwapa wanyonge neno la lawama. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, Unguja, waliokuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, waligomea amri ya serikali ya kikoloni ya kuchanja ng'ombe wao. Walikamatwa, umati ukataka kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Serikali iliandika ghasia. Wenyeji waliita Vita vya Ng'ombe, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni. Kusini mwa Tanganyika, yaliyoanza Julai 1905 katika milima ya Matumbi na kuenea mpaka 1907, Wajerumani waliyaita uasi. Sisi tunasema Vita vya Maji Maji. Uasi unamfanya mtawala awe baba aliyekaidiwa. Vita vinakubali kwamba palikuwa na pande mbili, kila moja na sababu yake.

Kwa hiyo jiwekee maswali haya pembeni ya daftari, na uyajibu kwa sentensi kamili kabla ya kuandika kichwa cha habari. Nani alianza kugusa maji? Kuna aliyepanga? Waliokumbwa walitenda nini hasa, walirusha, walikimbia, walisimama? Wao wenyewe wanaliitaje tukio lile? Kama huna jibu la swali la kwanza, tumia kitenzi cha kile ulichokiona: walisukumana, walirusha mawe, polisi walifyatua mabomu ya machozi, maduka yalifungwa. Kitenzi kinachoonekana kwa macho ni salama kuliko jina lolote kati ya haya.

Maandamano na mgomo visiingizwe kwenye kundi hili hata kidogo. Maandamano yanatoka kwenye andama, kufuatana, mmoja nyuma ya mwenzake. Mgomo ni kugoma. Yakitokea maandamano na baadaye ghasia, ni mambo mawili, yaandike kwa saa zake, na useme lipi lilitangulia na nani alikuwa wapi.

Hatua ya saba: sarufi na wenza wa neno

Hapa nitapita upesi. Vurugu, fujo, ghasia, rabsha na zahama ziko ngeli moja: vurugu hizi zimetokea, ghasia hizo zimetulia, fujo zimezidi. Silabi ya vu- huwapoteza watu wakaandika "vurugu vimetokea". Si sahihi, kwa kuwa vu- hapo ni sehemu ya shina na haihusiani na vi- ya vitu. "Mavurugu" na "maghasia" hazihitajiki, neno limeshabeba wingi wake. Machafuko huchukua ya-: machafuko yamezuka. Msukosuko ni u- na misukosuko ni i-.

Ghasia huzuka, huzuliwa, hutulizwa, huzimwa. Fujo hufanywa. Rabsha huzuliwa. Vurugu huanzishwa, hutokea, hudhibitiwa. Machafuko huzuka, huenea, hukomeshwa. Nchi hutumbukia katika machafuko. Haitumbukii katika fujo. Mtu mmoja anaweza kufanya fujo, na anaweza kuleta vurugu, lakini hawezi kufanya machafuko.

Jaribu sasa njia yote kwa habari moja

Chukua habari yoyote ya jana uliyoandika au uliyosoma, upigie mstari kila neno la kundi hili, kisha lipitishe kwenye maswali ya hatua ya sita. Mimi nilianza na ile ya wamachinga. Nilimpigia simu mwandishi, tukakaa na daftari lake. Alikuwa ameandika siku ile mambo ambayo hayakufika gazetini: saa ngapi gari la mgambo lilifika, mabeseni mangapi yalipinduliwa, nani alimshika nani mkono. Vitenzi vyote alikuwa navyo. Yale majina matano yalikuwa yamevifunika.

Tulichapisha masahihisho, na aya ya kwanza ilisomeka hivi: "Mgambo walifika sokoni saa 3 asubuhi na kumwaga bidhaa za wafanyabiashara waliopanga kando ya barabara. Wafanyabiashara walikimbia. Purukushani ya dakika chache ilitokea pale mwanamke mmoja alipojaribu kulirudisha beseni lake la nyanya."